Amri na Uasi Majini: Kutoka Spithead hadi Ziwa Tanganyika

Waandikao juu ya uasi wa mabaharia aghalabu huuhesabu kuwa ni kasoro ya nidhamu, kana kwamba utii ni tabia ya kuzaliwa ambayo siku moja humtoka mtu pasipo sababu. Ilhali kumbukumbu zenyewe, zikisomwa kwa makini, huonyesha kwamba kabla ya amri kukataliwa palikuwa na mashitaka madogo yaliyofikishwa kwa wakubwa yasipate jibu. Mwaka 1797 mabaharia wa Kiingereza huko Spithead walikataa kung'oa nanga, kwa kuwa ujira wao haukuongezwa kwa zaidi ya miaka 130. Wakatumiwa Lord Howe, mzee wa miaka 71, naye akapita manowari hadi manowari akiwasikiliza, akiwa na msamaha wa mfalme mkononi, akaridhia hata kuondolewa kwa maofisa waliolalamikiwa, wakarudi kazini. Katika manowari ya Kirusi ya Potemkin, mwaka 1905, mambo yalikwenda kinyume: tabibu Smirnov aliikagua nyama iliyojaa mabuu, akasema ioshwe tu, yafaa kuliwa. Siku ile ile tabibu na nahodha wake, Golikov, waliuawa.

Sisi wa Kalemie tunao ushahidi wa karibu zaidi. Mji huu, uliokuwa ukiitwa Albertville, ulitekwa na waasi wa Simba mwezi Juni 1964, ukakombolewa Agosti. Na Aprili 1965 Che Guevara, pamoja na Wakuba kadhaa, akavuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wetu, kuwasaidia waasi hao, akijiita Tatu. Alichokikuta ni uasi ndani ya uasi: wapiganaji walioambiwa wapandishe vyakula mlimani walijibu kwamba wao si magari. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema ni uvivu, lakini naona hilo lilikuwa shitaka, tena la haki, la watu waliobebeshwa mizigo na wakubwa wasioonekana. Laurent Kabila, aliyetakiwa kuwaongoza, alikuwa ng'ambo. Léonard Mitoudidi ndiye aliyekuja kukaa nao, akaanza kuweka utaratibu, na tarehe 7 Juni akazama ziwani. Mwisho wa mwezi ule shambulio la Bendera, penye mtambo wa umeme, likavunjika kwa wengi kukimbia. Kabila alifika Julai. Watu wakachangamka, mahandaki yakachimbwa. Baada ya siku chache akavuka tena, na ile bidii ikazimika.

Sidai kwamba kuwapo chomboni kwatosha, maana Golikov alikuwamo. Wala simnyimi Kabila udhuru wake: fedha na silaha zilipitia Dar es Salaam, na lazima mtu azifuatilie huko. Walakini Howe naye angeweza kuandika barua, na umri ulimruhusu.

Hoja nzito dhidi yangu ni kwamba Kabila, kwa kukaa mbali, aliokoka, na mwaka 1997 akaingia Kinshasa akiwa mtawala. Ni kweli. Lakini Novemba 1965, boti zilipokuja kuwachukua Wakuba, wengi wa Wakongo walioomba nafasi waliachwa ufukweni, nao walikuwa wamekaa pale miezi yote ambayo kiongozi wao alikuwa hayupo. Hesabu ya uongozi inayoanzia Kinshasa 1997 haiwezi kuwaona watu hao.