Zidaka za Pate: Dhamira na Ishara katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate la mwanzoni mwa karne ya 19, limezoeleka kusomwa kama mawaidha matupu. (Wako wanaoliita utenzi, ingawa mishororo yake ina mizani 10, si 8.) William Hichens alipolichapisha mwaka 1939, na James de Vere Allen mwaka 1977, wote wawili walilitaja neno roho katika anwani ndogo za Kiingereza. Hawakukosea. Anayesemezwa ni moyo wa mtunzi, naye anakaripiwa kwa kuipenda dunia iliyo kama taa kwenye upepo.

Hata hivyo, sitiari ya taa ingeweza kutungwa na mshairi yeyote wa Kiislamu, popote. Zidaka haziwezi. Katika nyumba za mawe za Pate na Lamu, zidaka ni vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu ukutani mwa chumba cha ndani, na humo viliwekwa vyombo vya kauri vya China. Aliyeziona alijua mara moja daraja ya mwenye nyumba. Sayyid Abdalla anazirudia zidaka hizo baada ya wenyewe kuondoka: pale palipokaa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Ishara hii ina nguvu kwa sababu ni kitu kwanza. Msomaji asiyejua kidaka ni nini atauona uharibifu tu. Hatauona utajiri ulioharibika, wala aibu yake.

Je, basi shairi hili ni historia? Pate ilidhoofishwa na ugomvi wa muda mrefu wa kugombea utawala, kisha na kushindwa huko Shela mnamo mwaka 1813 hivi. Mtunzi hapangi sababu hizo. Kwake mabwana wa Pate walighafilika, kisha mauti yakawakumba. Mwanahistoria anayetafuta chanzo cha anguko atatoka mikono mitupu. Anayetaka kujua anguko lilivyoonekana machoni pa mtu wa mji huo hatapata shahidi aliye bora.

Wala beti za magofu si mwisho wa safari. Moyo unaongozwa hadi kaburini na kwenye majina ya Jahanamu, beti ambazo wasomaji wa leo huziruka upesi. Anayeziruka amebaki na nusu ya shairi, na katika nusu hiyo magofu hayamtishi mtu.