Mrija wa Shaba wa Basuni na wa Nzumari

Watu wa pwani waijua nzumari: jani kavu lililokunjwa na kufungwa uzi, likatiwa juu ya mrija mfupi wa madini, nao mrija ukatiwa katika mti uliotobolewa. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu. Mpigaji wa Lamu, au Mdigo katika ngoma ya sengenya, hulitia jani lote kinywani, midomo ikiegemea kisahani. Mrija huo umenyoka. Katika basuni ya Ulaya, iliyo kama nzumari kubwa yenye sauti nzito, mrija umepindwa, na wengi hudhani ya kuwa kupindwa huko ndiko kuletako sauti. Sivyo.

Njia ya pumzi ndani ya basuni yapata mita 2 na nusu, nayo imekunjwa; mrija hupindwa ili ufike kinywani pasipo kumchosha mpigaji. Lenye kuleta sauti ni upana wa ndani. Penye tete ni kama milimita 4 tu, kisha hupanuka polepole mpaka kuingia mtini, na mti huuendeleza upanuko ule ule. Mrija basi si kishikio cha tete. Ni mwanzo wa ala yenyewe. Urefu wake ukizidi kidogo, sauti zote hushuka, ndiyo maana wapigaji huwa na mirija miwili mitatu.

Kuufanya kwataka subira. Bamba jembamba huviringishwa juu ya ufito wa chuma, ukingo hulehemiwa, ndipo hujazwa risasi au lami kabla ya kupindwa, usije ukabonyea. Kisha kilichojazwa huyeyushwa kitoke.

Lakini mrija huchomolewa kila baada ya kupiga, na kitu kichomolewacho hupotea. Mafundi wa zamani, kama J. C. Denner wa Nuremberg aliyefariki mwaka 1707, walipiga muhuri wa jina lao mtini. Basuni nyingi za karne ya 18 zilizo katika nyumba za makumbusho zimebaki mti tu. Matundu yote yapo, na muhuri wasomeka, wala hapana awezaye kusema kwa hakika zilipigwa kwa kimo gani cha sauti. Hujaribiwa mrija huu na huu, kila mmoja ukaleta jibu lake.

Nzumari zetu zaweza kupatwa na hayo hayo, zikitundikwa ukutani bila jani wala mrija. Mwenye kuihifadhi moja na aupime mrija wake urefu, na upana wa ncha zote mbili, kisha amwulize mpigaji jina la kila kipande.