Programu kuukuu za uwekezaji na namna ya kuziunda upya

PROGRAMU ya simu huzeeka upesi kuliko simu yenyewe. Ile iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita kwa ajili ya kununulia hisa au hati za dhamana za serikali huenda ingali inafanya kazi, lakini mwekezaji akiifungua hukutana na maandishi madogo, orodha ndefu ya mambo asiyoyahitaji, na kitufe cha kununua kilichofichika nyuma ya kurasa nne. Kuiunda upya ni kazi ya kuchunguza kwanza mtumiaji hutaka kujua nini kabla hajatoa pesa zake, kisha kumwekea jambo hilo mahali anapolitazamia. Rangi na picha hufuata baadaye.

Humu nchini mfano ulio wazi ni wa dhamana za serikali. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuikopesha serikali alilazimika kujaza fomu za karatasi, kubandika picha yake, kutafuta sahihi za maafisa wa benki yake na kuzifikisha fomu hizo Benki Kuu ya Kenya. Kiasi cha chini cha kununua hati za dhamana kilikuwa Sh50,000. Machi 2017 serikali ilianzisha M-Akiba, iliyouzwa kwa simu ya mkononi kuanzia Sh3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka isiyotozwa ushuru. Haikuhitaji intaneti, hata mwenye simu ya 'mulika mwizi' aliweza kubonyeza *889# na kununua.

Mauzo ya majaribio ya Sh150 milioni yalikamilika. Yalipofuata mauzo makuu ya Sh1 bilioni mwaka huo huo, zilipatikana takriban Sh247 milioni tu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, na hilo halikusaidia. Hata hivyo, waliojisajili walikuwa wengi mno kuliko walionunua, na pengo la namna hiyo humwambia mbunifu kwamba watu walifika mlangoni wakasita. Menyu za aina hiyo hubeba herufi 182 pekee kwa mara moja, na hukatika mtumiaji akikawia kujibu. Ni vigumu kumweleza mtu katika nafasi hiyo kwamba riba hulipwa kila baada ya miezi sita, au kwamba anaweza kumuuzia mwingine dhamana yake kabla ya miaka mitatu kuisha. Mlango ulikuwa mpana. Maelezo ndiyo yaliyokuwa membamba.

Mnamo Julai 2023 Benki Kuu ilianza kutumia mfumo mpya wa DhowCSD, uliopewa jina la jahazi. Mwekezaji hufungua akaunti kwa simu au tarakilishi, huona minada iliyo wazi, hutuma ombi lake na kufuatilia matokeo bila kwenda popote. Februari 2024 serikali ilipotafuta Sh70 bilioni kwa hati za dhamana za miundomsingi zenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa ushuru, maombi yalifika karibu Sh289 bilioni. Tusiupe mfumo sifa isiyo yake: riba ndiyo iliyowavuta watu, tena mataasisi makubwa yalikuwamo. Lakini riba nono pamoja na fomu za karatasi ingewaacha wengi wadogo nje ya mnada.

Wepesi nao una hatari yake. Kampuni ya Robinhood ya Marekani ilisifiwa kwa kurahisisha ununuzi wa hisa, hata ikawa inamwaga vipande vya karatasi za rangi kwenye kiwambo kusherehekea baadhi ya miamala. Desemba 2020 wadhibiti wa jimbo la Massachusetts waliishtaki kwa kugeuza uwekezaji kuwa mchezo, na mwaka 2021 ikayaondoa mapambo hayo. Zito zaidi lilitokea Juni 2020. Kijana wa miaka 20 aliona katika akaunti yake deni la takriban dola 730,000, akajitoa uhai. Tarakimu ile ilikuwa upande mmoja tu wa muamala ambao haujakamilika. Juni mwaka uliofuata FINRA, shirika linalosimamia madalali wa Marekani, liliitoza kampuni hiyo jumla ya takriban dola milioni 70 kwa makosa kadhaa, yakiwemo kuwaonyesha wateja salio lisilo sahihi.

Kwa hiyo, mbunifu huharakisha baadhi ya hatua na kupunguza kasi ya nyingine makusudi. Kutafuta bei kuwe kwepesi. Kabla ya kununua, pawepo ukurasa mmoja unaotaja bei, ada ya dalali, jumla itakayokatwa na siku ambayo hisa zitaingia katika akaunti. Salio lisilokamilika liandikwe hivyo kwa maneno. Mwaka 1994 mtaalamu Jakob Nielsen aliweka kanuni kumi za kupima mifumo ya aina hii, na ya kwanza inadai mtumiaji ajulishwe daima mambo yamefikia wapi. Nielsen huyo huyo alieleza mwaka 2000 kwamba kuwatazama watumiaji watano tu wakihangaika na programu hufichua sehemu kubwa ya kasoro zake. Kazi hiyo haina gharama kubwa, lakini ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Rangi pekee zisiaminiwe. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na nchini China nyekundu huashiria hisa iliyopanda.

Wakati mwingine ni sheria za soko zinazoizeesha programu. Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi liliondoa sharti la kununua hisa zisizopungua 100, hivyo sasa mtu anaweza kununua hisa moja. Programu iliyojengwa juu ya sharti la zamani haina budi kubadilishwa hesabu zake, ujumbe wake wa makosa na hata ukurasa wa kwanza, kwa sababu mgeni wake sasa ni mtu mwenye shilingi mia chache.

Wateja wa zamani nao wasisahauliwe. Mauzo ya hisa za Safaricom mwaka 2008 yaliwavuta zaidi ya watu 800,000, wengi wao kwa mara ya kwanza, na baadhi wamebadilisha nambari za simu tangu hapo. Njia ya kuwarejesha kwenye akaunti zao kwa kitambulisho ijaribiwe kabla programu ya zamani haijazimwa.