Nani Hulipia Farasi wa Ziada?

Baadhi ya wanafunzi wanaoishi hosteli za Mabibo wameniuliza swali lililozuka katika mijadala yao kuhusu uchumi wa buluu: mvuvi mdogo mwenye mashine ya nguvu farasi 15 akikopeshwa ya 40, je, hajakombolewa? Sisi wa Mabibo hatuna pwani. Samaki hutufikia sokoni wakiwa wamekwisha kupita mikono kadhaa, na pengine ndiyo sababu tunaiona mashine ya boti kuwa suala la ufundi peke yake. Historia yake inaonyesha kwamba ni suala la mgawanyo wa mapato pia.

Biashara ya mashine za kupachika tezini ilishika kasi baada ya 1909, pale Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alipoanza kuziuza mjini Milwaukee. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kifuniko haikuwa ya kiufundi tu. Kwa kuwa maziwa mengi ya Marekani yalipiga marufuku mashine zinazozidi farasi 10, viwanda viliunda mashine za farasi 9.9. Katika miaka ya 1970 zile za 9.9 na za 15 za Evinrude na Johnson zilijengwa juu ya injini moja, tofauti kuu ikiwa kabureta. Mafundi waligundua upesi kwamba kwa kubadili kifaa hicho wangepata farasi watano wa ziada.

Kwetu, kwa karne nyingi, ngalawa na mashua ziliendeshwa na kusi na kaskazi, na upepo haukudai fungu. Baada ya uhuru dola ilijitwika jukumu la kuufanya uvuvi kuwa wa kisasa, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Uvuvi Tanzania, TAFICO. Lakini mwishoni mwa muongo huo bei ya mafuta ilipanda duniani, na fedha za kigeni zikaadimika nchini. Mashine bila vipuri ni chuma tu. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, uagizaji ukaingia mikononi mwa watu binafsi. Huko Ziwa Victoria, soko la sangara la nje lilileta mkopeshaji mpya: wakala wa kiwanda aliyempa mvuvi mashine na nyavu kwa sharti la kumuuzia yeye samaki. Hivyo mvuvi alipata mwendo, akapoteza uhuru wa kuchagua mnunuzi.

Sasa tuangalie hesabu ya chomboni. Kwa desturi iliyoenea pwani na ziwani, mapato ya safari huondolewa kwanza gharama za mafuta na chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, la mashine, na la mabaharia. Mashine, kwa maneno mengine, huhesabiwa kama mvuvi mmojawapo, ila fungu lake hupokewa na tajiri. Mashine ya farasi 15 ya mtindo wa zamani, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hula takriban lita 7 za petroli kwa saa. Ya 40 hula karibu lita 20. Kwa safari ya saa nne, tofauti ni lita 52, nazo hukatwa kabla baharia hajapewa senti.

Je, mwendo unaongezeka kwa kiasi hicho? Inategemea umbo la chombo. Boti yenye kitako bapa huweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Mashua ya mbao yenye tumbo, urefu wa mita 7.5 majini, hulima maji. Ikikaribia kilomita 12 kwa saa, mawimbi yake yenyewe huizuia, na farasi wa ziada huishia kwenye povu. Aidha, mashine ya 40 ina uzito unaokaribia mara mbili ya ile ya 15, na tezi isiyoimarishwa hupasuka. Wahenga walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yakiingia, hujaa ngamani, waliko mabaharia na samaki wao.

Januari 2024 Serikali ilizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mikopo isiyo na riba. Kumwondoa wakala kwenye nafasi ya mkopeshaji ni hatua ya maana, nami naiunga mkono. Lakini riba ni sehemu moja tu ya deni. Ndugu zangu watumishi wa umma, fomu ya mkopo iulize pia umbo la chombo, na iulize mafuta yatakatwa kwenye fungu la nani. Nanyi wanaharakati, dai mkataba wa mafungu ulioandikwa na kusainiwa na mabaharia. Mashine kubwa inaweza kumkomboa mvuvi, iwapo tu mwenye kuilipia ndiye anayefaidi mwendo wake.