Mke wa Manamba

Shamba la ngoro halilimwi na mtu mmoja. Katika milima ya Umatengo, huko Mbinga, mwanamume hukata nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Mwanamke hufuata na jembe, akizifukia kwa udongo mpaka mteremko mzima unajaa vishimo vya kushika maji ya mvua. Mume akienda mkonge Tanga, mke alibaki na kazi ya watu wawili.

Na walikwenda wengi. Enzi za Waingereza, Mbinga na ufuko wa Nyasa vilikuwa chini ya Songea, na Songea ilijulikana kwa kutoa manamba, yaani vibarua wa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali. Ofisi hiyo ilisafirisha hata wake na watoto. Msidhani ni huruma. Kapera akimaliza mkataba hurudi kwao, na tajiri hulipa tena nauli ya mgeni asiyejua kukata mkonge. Mwenye mke kambini hakuwa na haraka ya kurudi.

Hesabu hiyo ilikwisha kupigwa Katanga, Kongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya shaba ya Union Minière ilitoa mikataba ya miaka mitatu, nyumba za familia, posho ya chakula kwa mke na watoto, na zahanati. Utoro ulipungua, vifo vilipungua, ufundi ukaongezeka. Ila nyumba ilikuwa ya kampuni: anayepoteza kazi anahama na wanawe.

Umatengo ulikuwa na jibu lake. Kahawa iliingia miaka ya 1920, na mwaka 1936 kikaanzishwa chama cha ushirika cha NGOMAT. Mwenye mibuni aliweza kupata fedha ya kodi ya mkoloni bila kuiacha ngoro. Kwa maoni yangu, hakuna kambi iliyoshindana na hilo.

Leo haki za familia ya mwajiriwa zimo katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Baba anapata siku tatu. Muuguzi wa Litembo na mwalimu wa Mbamba Bay wanaweza kudai haki hizo. Mama anayefukia ngoro hana mwajiri wa kumdai.