Mzigo wa Lugha Katika Bustani za Burudani za Ulaya

Mgeni anayerudi kutoka kwenye bustani kubwa za burudani za Ulaya mara nyingi hulalamikia tabia za watu. Atasema mhudumu wa dirisha la tiketi alikuwa na kiburi, na kwamba wa mgahawani alijifanya hasikii. Mhudumu naye, akiulizwa, atasema wageni hawafuati wanachoambiwa. Kila mmoja amemhukumu mwenzake, na katikati yao limebaki jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitengeneza: hawakuwa na lugha moja. Nashikilia kwamba kutokuelewana kwa lugha katika bustani hizi ni gharama ya biashara, sawa na umeme na reli, na kwamba historia yake yote ni historia ya kuamua nani ailipe. Pale ilipolipwa mapema, kwenye meza ya mchoraji na katika ajira, watu walisikilizana vizuri. Pale iliposukumwa hadi kwa kijana wa kaunta, au kwa mgeni mwenyewe, ilizaa kile tunachokiita utovu wa adabu.

Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, inatupa ushahidi wa mwanzo. Mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alizaliwa Algiers mwaka 1812, mtoto wa mwanadiplomasia wa Kidenmaki. Moja ya burudani alizoziweka tangu awali ni mchezo wa kuigiza usio na maneno, wenye mizizi katika sanaa ya jukwaani ya Kiitalia, ambao wasanii wa Kiitalia walikuwa wameufikisha Denmark mwanzoni mwa karne hiyo. Harlekin anampenda Columbine, mzee anawazuia, na Pierrot anaharibu kila alichotumwa. Yote husomeka kwenye mikono, mabega na miondoko. Mwaka 1874 mchezo huo ulijengewa jumba lake, kazi ya msanifu Vilhelm Dahlerup, lenye sura ya Kichina na pazia lililotengenezwa kama mkia wa tausi, na jumba hilo linatumika hadi leo. Sidai kwamba Carstensen alikaa chini akapanga sera ya lugha. Lakini sanaa aliyoichagua ilikuwa imeshafanya kazi hiyo kwa niaba yake: wasanii waliohama nchi hadi nchi walijua kwamba anayetegemea maneno atakula mpaka pale lugha yake inapokoma, basi wakabeba wao ule ugumu, wakaufanya ujuzi.

Hata hivyo, ukimya haukuwa ukarimu kila mara, na hapa historia ni nzito. Mwaka 1896, katika bustani ya Treptow jijini Berlin, yalifanyika Maonyesho ya Makoloni ya Ujerumani. Zaidi ya watu 100 kutoka makoloni, Waswahili na Wamasai wa Afrika Mashariki wakiwemo, waliwekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe na waliolipa kiingilio. Ujerumani haikukosa watu wa kuzungumza nao. Katika jiji hilohilo, tangu 1887, kilikuwepo chuo cha lugha za Mashariki kilichofundisha Kiswahili kwa maofisa waliokuwa wakienda kutawala, na Amur bin Nasur kutoka Zanzibar alikuwa amefundisha hapo. Kiswahili kilikuwepo kwa ajili ya kodi na amri, lakini kwenye maonyesho hakikuhitajika, kwa sababu biashara ya maonyesho ilisimama juu ya watu wasiojieleza. Kwelle Ndumbe wa Kameruni alijibu kwa njia pekee aliyoachiwa: alinunua darubini ndogo ya kutazamia opera, akawaelekezea watazamaji. Miaka 9 baadaye, Tivoli yenyewe ilipokea maonyesho ya makoloni ya Denmark, na watoto wawili walioletwa kutoka kisiwa cha Saint Croix wakawekwa humo watazamwe. Mmoja wao, Victor Cornelins, alikuja kuwa mwalimu wa shule katika mji wa Nakskov, akaandika mwenyewe habari za maisha yake. Nayataja haya kwa sababu yanakata mzizi wa dhana kwamba kikwazo cha lugha ni jambo la asili kama mvua. Kikwazo huondolewa pale mwenye bustani anapoona faida ya kukiondoa, na huachwa, hata hulindwa, pale kinapomfaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, njia ya zamani ilirudi katika sura nzuri zaidi. Efteling, katika kijiji cha Kaatsheuvel kusini mwa Uholanzi, ilifungua msitu wake wa hadithi tarehe 31 Mei 1952. Mchoraji Anton Pieck alichora nyumba na viumbe, naye Peter Reijnders akatengeneza mitambo ya kuvichezesha. Walijenga kwa ajili ya Waholanzi, na sauti zilizorekodiwa zilikuwa za Kiholanzi. Lakini hadithi walizochagua zilikuwa mali ya Ulaya nzima, zile zilizokusanywa na ndugu Grimm, Perrault na Andersen, kwa hiyo mtoto wa Kijerumani au wa Kifaransa aliyemwona binti amelala ndani ya ngome alikuwa tayari ameshahadithiwa kisa hicho na bibi yake. Hata sanamu mnene ya Holle Bolle Gijs, iliyoanza mwaka 1959, huomba karatasi kwa Kiholanzi huku mdomo wazi ukizivuta taka kwa hewa, na mtoto asiyejua neno hata moja la lugha hiyo hukimbia kutafuta karatasi nyingine. Lugha ya mahali haikufichwa, na wala mgeni hakuachwa nje. Kwa maoni yangu hakuna bustani iliyolitatua suala hili kwa ustadi kama huo, na ilifanya hivyo kwa fundi na mchoraji, bila kumtwika mhudumu mzigo wowote.

Njia ya pili ya kuhudumia watu ilitoka Marekani. Walt Disney aliitembelea Tivoli mwaka 1951 na kuvutiwa nayo, na mwaka 1955 alifungua Disneyland huko California. Mchango mkubwa wa kampuni yake katika biashara hii ulikuwa kuifanya huduma yenyewe iwe sehemu ya onyesho: salamu, tabasamu, namna ya kuelekeza njia, vyote vilifundishwa na kukaguliwa. Mfumo huo uliandikwa katika nchi ambamo mhudumu na wengi wa wageni walizungumza lugha moja. Ulipopelekwa Tokyo mwaka 1983 ulifanikiwa kwa sababu hiyohiyo, maana wahudumu walikuwa Wajapani na wageni wengi mno Wajapani, kwa hiyo ilitosha kutafsiri mafunzo. Ni Ufaransa ambako kwa mara ya kwanza huduma iliyojengwa juu ya maneno ilikutana na umati wenye lugha nyingi, na kampuni ilijua itakuwa hivyo. Mahali pa Marne-la-Vallée, takriban kilomita 32 mashariki mwa Paris, palichaguliwa kwa hesabu kwamba watu milioni 17 waliishi ndani ya mwendo wa saa 2 kwa gari, na milioni 310 wangeweza kufika kwa ndege katika muda usiozidi huo. Wingi wa lugha ulikuwa ndani ya mpango wa biashara tangu siku ambayo Michael Eisner, mkuu wa kampuni hiyo, na Waziri Mkuu wa Ufaransa Jacques Chirac waliweka saini, Machi 1987.

Tukitazama kazi ya wabunifu pale Euro Disney, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, tunakuta waliubeba mzigo wao kwa moyo. Timu ya Tony Baxter ilipunguza masimulizi na kuacha picha zieleze. Nyumba ya mizimu, Phantom Manor, ilibuniwa iwe kisa cha bibi harusi ambacho mtu angekifuata kwa macho. Mwigizaji Vincent Price alirekodi masimulizi kwa Kiingereza, lakini muda mfupi baada ya ufunguzi yaliondolewa na kuwekwa ya Kifaransa, ikabaki cheko lake tu. Katika jumba la sinema la Le Visionarium, lenye picha zilizozunguka watazamaji pande zote, wageni walipewa vifaa vya masikioni ili wasikilize kwa lugha nyingine. Hizi ni juhudi za kweli, na zilimgharimu mwenye mali.

Lakini hoteli, migahawa, maduka na foleni haviwezi kubuniwa namna hiyo. Huko walikuwepo binadamu, wafanyakazi wapatao 12,000, wengi wao vijana, waliotakiwa kutabasamu kwa Mjerumani, Mwitaliano na Mwingereza katika saa moja, huku sheria za kampuni kuhusu nywele, hereni na mavazi zikizua ugomvi na vyama vya wafanyakazi. Magazeti ya wakati ule yaliandika sana kuhusu huduma mbovu, na maelezo yaliyopendwa yalikuwa kwamba Wafaransa hawana asili ya ukarimu. Sikubaliani nayo hata kidogo. Salamu iliyofunzwa ni rahisi katika lugha yoyote. Kinachoshinda ni kumweleza baba aliyechoka, katika lugha ambayo nyote wawili mnaijua nusunusu, kwamba chumba chake hakijawa tayari. Kampuni iliyokagua tabasamu ilikuwa imeacha sehemu ngumu ya kazi mikononi mwa anayelipwa kidogo zaidi, na mwaka wa fedha wa 1993 ulipoleta hasara ya faranga bilioni 5.3 na kupunguzwa kwa ajira, mzigo huo haukuweza kuwa mwepesi zaidi kwa waliobaki.

Hapa ndipo inapoingia pingamizi yenye heshima yake: mgeni aliyekwenda Ufaransa si aongee Kifaransa? Mwezi Juni 1992, wiki chache tu baada ya bustani kufunguliwa, Ufaransa iliandika katika katiba yake kwamba lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Tarehe 4 Agosti 1994 ikafuata sheria ya waziri Jacques Toubon, iliyotaka Kifaransa kitumike katika matangazo, maelezo ya bidhaa na mikataba ya kazi. Wengi walioidhihaki sheria hiyo hawakumfikiria mfanyakazi. Kwake ilikuwa kinga, kwa sababu bila hiyo mwajiri wa kigeni angeweza kumpa mkataba asioweza kuusoma. Nakubaliana na roho ya sheria hiyo. Lugha ya mahali ina haki ya kwanza katika nyumba yake, na wasemaji wa lugha zilizowahi kusukumwa pembeni wanalijua hilo kuliko wengine. Ila haki hiyo haijibu swali la gharama. Aliyemtangazia mtu wa Madrid likizo kwa Kihispania, akapokea fedha yake kwa Kihispania, amekwisha kuahidi kumsikia kwa Kihispania atakapougua tumbo usiku hotelini. Kifaransa hakipungukiwi chochote ahadi hiyo ikitimizwa.

Europa-Park, iliyofunguliwa mwaka 1975 na Franz Mack na mwanawe Roland katika kijiji cha Rust, kusini-magharibi mwa Ujerumani, inaonyesha namna ahadi hiyo inavyoweza kutimizwa. Kijiji hicho kiko karibu na mto Rhine, na ng'ambo ya pili ni Alsace, jimbo lililobadilishana mikono kati ya Ujerumani na Ufaransa mwaka 1871, 1918, 1940 na tena vita vilipokwisha. Wageni wengi wa bustani hiyo ni Wafaransa na Waswisi, na wakazi wengi wa Alsace huvuka mpaka kwenda kufanya kazi huko. Watu ambao historia chungu iliwafanya wawe na ndimi mbili wakawa mtaji. Lakini lahaja ya Kijerumani ya Alsace imekuwa ikififia vizazi hadi vizazi, na bustani haiwezi tena kutegemea kwamba kila kijana wa ng'ambo atakuja na lugha mbili alizonyonya kwa mama. Kilichopatikana kama zawadi ya mpaka sasa hakina budi kununuliwa kwa mafunzo na mishahara.

Wengine watasema mjadala huu umepitwa na wakati, kwani Kiingereza kimeshashinda. Uchunguzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 38 tu ya raia wa Umoja wa Ulaya walisema wanaweza kufanya mazungumzo kwa Kiingereza kama lugha ya kigeni. Uholanzi walikuwa asilimia 90, lakini Italia 34, na Uhispania 22. Bustani inayotegemea Kiingereza peke yake imechagua wageni wake kwa elimu na umri, na bibi aliyewaleta wajukuu ndiye wa kwanza kuachwa. Tena Kiingereza cha kubabaisha pande zote mbili kinaweza kuwa hatari kuliko kutokuelewana kabisa, kwa sababu kila mmoja anaamini ameelewa. Mwaka 2015 nchini Uhispania, mtalii kijana aliruka kutoka darajani katika mchezo wa kuruka na kamba, kamba yake ikiwa bado haijafungwa, na akafa. Mahakama iliyosikiliza shauri hilo ilizingatia kwamba Kiingereza cha mwelekezaji wake hakikufaa kwa kazi ile. Kwa bustani ambazo kazi yake ni kuwafunga watu kwenye viti na kuwarusha hewani, hilo ni onyo la kutosha.

Pingamizi la mwisho ni simu inayotafsiri. Inasaidia kwenye menyu, na Puy du Fou, bustani ya maonyesho ya kihistoria magharibi mwa Ufaransa, huwapa wageni tafsiri ya maonyesho kupitia simu zao bila kuyaondolea Kifaransa chake. Nafurahia hilo. Lakini kabla ya kupanda treni za kasi zinazopanda na kuporomoka, mgeni huambiwa aweke mfukoni au kabatini kila kinachoweza kudondoka, simu ikiwemo, kwa hiyo pale ambapo agizo moja lina uzito kuliko siku nzima, chombo cha kutafsiri hakipo mkononi. Aliyepo ni mhudumu wa jukwaani, mara nyingi mwajiriwa wa msimu, anayevuta chuma cha kifuani kuhakikisha kimefunga na kuuliza kwa lugha aliyonayo kama mtoto amekaa sawasawa. Wiki ngapi amefundishwa, lugha ngapi amelipiwa kujifunza, na kama kuna mwenzake wa kumwita akishindwa, hayo yameshaamuliwa ofisini kabla bustani haijafungua milango.