Mkomani ya Lamu: nyumba zilizopimwa kwa boriti

Mgeni anayeingia Mkomani, mtaa wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Lamu nchini Kenya, hupokewa na kuta. Ni kuta ndefu zenye madirisha machache, zinazobana vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Isipokuwa mlango wa nakshi, nyumba haimwonyeshi mpita njia chochote.

Mji huu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake nyingi za mawe ni za karne ya 18. Kuta zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua ramani ya nyumba: dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti haiwezi kulibeba ikipita takriban mita 3. Kwa hiyo vyumba ni vyembamba, hata vikiwa virefu kama ukumbi.

Mlangoni pana daka lenye baraza za mawe, ambapo mwenye nyumba huzungumza na wageni wasiohitaji kuingia. Kisha huja tekani, yenye kona inayozuia macho ya mtaani, na kiwanda, uwanja ulio wazi kwa mwanga na upepo. Baada ya hapo vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha bibi wa nyumba. Huko ndiko kulikopambwa zaidi, kwa safu za zidaka za chokaa zilizowekwa vyombo vya kauri kutoka China. Msafiri aliyeishia barazani hakupata kuziona.

Kwa desturi, binti alipoolewa alipewa nyumba, au ghorofa iliyoongezwa juu ya ile ya wazazi wake. Nyumba za jamaa ziliweza pia kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka kichochoro kwa juu, na wanawake wakatembeleana bila kushuka njiani. Ukoo ulipokua, mtaa nao ulipanda juu.

Mpango huo sasa umelegea. Baadhi ya nyumba zimeuzwa kwa wageni au kugeuzwa hoteli, na wenye nazo wengine wameshindwa na gharama za ukarabati. Saruji, iliyo rahisi kupatikana, imeleta madhara yasiyoonekana mapema. Chokaa huruhusu ukuta wa matumbawe kutoa unyevu. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, lipu ikabanduka na ncha za boriti zikaoza ukutani.

Anayetaka kuona kazi ya chokaa ilivyokuwa anaweza kuingia katika nyumba moja ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Zidaka zake bado zimesimama.